Mashimo meusi mawili, gesi moja: kwa nini dogo ndilo linalokula zaidi

Swali: "Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Mafinga. Wanafunzi wameniuliza: galaksi mbili zikiungana, na yale mashimo meusi makubwa ya katikati yakaanza kuzungukana, gesi iliyopo italiwa na lipi? Nikajibu kwamba kubwa lina mvutano zaidi, kwa hiyo litakula zaidi. Mmoja akabisha, akasema dogo. Mwingine akauliza: kama yote mawili yanavuta, kwa nini yasigongane siku hiyohiyo? Naomba msaada, maana wananisubiri."

Jibu:

Mwalimu, aliyebisha yuko sahihi kwa hali iliyo ya kawaida zaidi, na wewe uko sahihi kwa hali nyingine ambayo tutaifikia. Kinachoamua ni namna gesi inavyofika. Ikifika inazunguka, dogo linashinda. Ikidondoka moja kwa moja, kubwa linashinda. Na huko katikati ya galaksi, gesi nyingi inafika ikiwa inazunguka.

Tuanze na hilo neno "kuvuta", kwa sababu ndilo linalowapoteza vijana. Shimo jeusi halinyonyi kama mrija kwenye chupa ya soda. Jua likiondolewa leo na mahali pake pakawekwa shimo jeusi lenye tungamo ileile, Dunia itaendelea na safari yake ya siku 365 bila kuyumba. Tutakufa baridi, basi. Upeo wa shimo hilo, yaani mpaka ambao hata mwanga ukishauvuka haurudi, ungekuwa na nusu kipenyo cha kilomita 3. Kanuni ni r = 2GM/c², na ukishaipigia hesabu mara moja unaweza kukariri tu: kilomita 3 kwa kila Jua moja. Shimo la katikati ya galaksi yetu, Sagittarius A*, lina tungamo ya Majua kama milioni 4.3, hivyo nusu kipenyo chake ni karibu kilomita milioni 13. Zebaki iko mbali na Jua zaidi ya mara nne ya hapo. Kwa gesi inayotoka miaka mingi ya nuru, hiyo ni shabaha ndogo mno, na gesi hailengi shabaha. Inakuja na mwendo wa pembeni kidogo, na kadiri inavyokaribia ndivyo mwendo huo wa pembeni unavyogeuka mzunguko wa kasi, kama maji ya mto Kiwira yanavyojipinda yakiingia Kijungu, lile shimo la mwambani.

Nyanda za Juu Kusini zina mfano mwingine, na huu ndio ningewapa darasani. Mito inayoshuka kutoka Uporoto na Kipengere inateremka kwa haraka hadi Bonde la Usangu, halafu inapooza. Maji yanatandaa kwenye ardhioevu ya Ihefu, na hayaendelei kuwa Ruaha Mkuu mpaka yavuke kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Mteremko ulioko mbele, hata uwe mrefu vipi, haufai kitu kama kizingiti kinazuia. Gesi inayozunguka shimo jeusi iko vivyo hivyo. Mteremko upo, tena hakuna mkali kuuzidi, ila kizingiti chake ni momentamu ya mzunguko, yaani ule wingi wa mwendo wa kuzunguka ambao haupotei mpaka upewe kitu kingine. Mfano unaishia hapo, maana maji ya Ihefu yanangoja kujaa, wakati gesi inangoja kupunguziwa mzunguko.

Nani anaipunguzia? Gesi iliyo ndani inazunguka upesi kuliko iliyo nje yake, kwa sheria ileile ya Kepler inayofanya Zebaki imalize mwaka wake kwa siku 88. Msuguano wa kawaida kati ya tabaka na tabaka ni mdogo mno kuleta tofauti. Kazi inafanywa na usumaku. Mwaka 1991 wanafizikia Balbus na Hawley walionyesha kwamba hata usumaku dhaifu ukipita kati ya tabaka mbili za gesi unafanya kazi kama springi: unaivuta ya ndani nyuma na kuisukuma ya nje mbele. Ya ndani ikipoteza mzunguko inashuka, ikishuka inakwenda kasi zaidi, springi inakaza zaidi, na diski nzima inachafuka kama chungu kinachochemka. Momentamu inatoka nje, gesi inaingia ndani, na joto linabaki njiani.

Joto hilo ndilo mwanga tunaouona. Shimo lenyewe halitoi kitu. Kinachong'aa ni chakula kabla hakijamezwa. Kwa shimo lisilojizungusha, mzingo wa mwisho ulio imara uko mara 3 ya nusu kipenyo cha upeo, na gesi ikifika hapo imekwisha toa asilimia 5.7 ya mc² yake, yaani ya nishati yote iliyofungwa kwenye tungamo yake. Kwa shimo linalojizungusha kwa kasi ya juu kabisa, inaweza kufika asilimia 42. Muungano wa haidrojeni kuwa heli ndani ya Jua unatoa asilimia 0.7 tu. Tukichukua asilimia 10 kwa wastani, kilo moja ya gesi, uzito wa pakiti ya sukari, inatoa jouli 9 × 10¹⁵. Mitambo ya umeme ya Mtera yenye megawati 80 ingelazimika kufanya kazi kwa uwezo wake wote, usiku na mchana, kwa miaka mitatu na nusu kutoa nishati hiyo.

Mwanga huo nao unasukuma. Ukizidi, unairudisha nyuma gesi inayokuja, na hapo ndipo ulipo mpaka wa Eddington. Kwa shimo la Majua milioni 100, mpaka huo ni mwanga wa Majua kama trilioni 3.3, na chakula chake ni gesi ya kama Majua 2.2 kwa mwaka. Mpaka unakua sawia na tungamo: shimo lenye robo ya tungamo lina robo ya mpaka. Wakumbushe hilo, tutalihitaji.

Sasa tuingize shimo la pili, na tumjibu kwanza yule aliyeuliza kwa nini yasigongane siku hiyohiyo. Jibu ni kizingiti kilekile. Mashimo mawili nayo yana momentamu ya mzunguko, na lazima yampe mtu.

Mwanzoni yanazipa nyota. Shimo likipita katikati ya nyota linazivuta, zinajikusanya nyuma yake, na kundi hilo la nyuma linalivuta kinyumenyume. Mwanafizikia Chandrasekhar alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1943, na kwa njia hiyo mashimo yanashuka kutoka maelfu ya miaka ya nuru hadi makumi katika muda wa mamia ya mamilioni ya miaka. Yakishafungamana, kazi inabadilika: kila nyota inayokatiza karibu na jozi inarushwa mbali kama jiwe la manati, na inaondoka na sehemu ya nishati yao. Tatizo ni kwamba nyota zinazokatiza njia hiyo zinaisha. Begelman, Blandford na Rees waliuchora mfuatano huu wote mwaka 1980, na waliona jozi inaweza kukwama ikiwa imebaki miaka michache tu ya nuru. Wanaastronomia wanaliita tatizo la parseki ya mwisho (parseki moja ni miaka ya nuru 3.26).

Je, mawimbi ya mvutano, ile mitikisiko ya anga yenyewe ambayo jozi inaitoa ikizunguka na kupoteza nishati, hayawezi kumaliza kazi? Yanaweza, lakini hapo karibu kabisa tu. Hesabu hii wanafunzi waifanye wenyewe kwa kalkuleta. Muda uliobaki kwa mzingo wa duara, kwa kanuni ya Peters ya mwaka 1964, ni

t = (5/256) × c⁵a⁴ / [G³ m₁ m₂ (m₁ + m₂)]

ambapo a ni umbali kati ya mashimo. Chukua mawili, kila moja Majua milioni 100. Umbali wa mwaka 1 wa nuru unakupa miaka kama bilioni 2,600, na ulimwengu mzima una umri wa bilioni 13.8. Punguza umbali hadi 0.1 ya mwaka wa nuru: miaka milioni 260. Punguza hadi 0.01: miaka elfu 26. Siri iko kwenye ile a⁴, maana kupunguza umbali mara kumi kunapunguza muda mara elfu kumi. Wengi hukosea kwa kuweka tungamo kwa Majua na umbali kwa kilomita ndani ya kanuni moja, halafu wanapata muda wa ajabu. Badilisha kila kitu kuwa kilo, mita na sekunde kwanza. Njia ya mkato ni kukumbuka kwamba GM/c³ ya Jua moja ni sekunde 4.925 × 10⁻⁶, ukaandika na umbali kama sekunde za mwanga. G na c zote zinatoweka.

Kwa hiyo kati ya nyota zilizokwisha na mawimbi yasiyoanza kuna pengo. Galaksi isiyo duara kamili huendelea kuleta nyota mpya, na hilo husaidia sana. Msaidizi mwingine ni gesi, na hapa tunarudi kwenye ubishi wenu.

Gesi inayofika kwenye jozi haioni shimo moja wala mawili mwanzoni. Inaona tungamo ya pamoja na inatengeneza diski moja kubwa kuizunguka. Mashimo yaliyo ndani yanazunguka upesi kuliko gesi ya nje. Yakiipita, yanaivuta mbele na kuiongezea mzunguko, na gesi iliyoongezewa mzunguko inarudi nje. Matokeo yake ni uwazi katikati ya diski, wenye nusu kipenyo cha takriban mara mbili ya umbali kati ya mashimo. Zamani wengi walidhani uwazi huo ungeyanyima mashimo chakula. Uigaji wa kompyuta umeonyesha vingine: kutoka ukingoni gesi inachomoka kwa michirizi miwili, sehemu inanaswa, sehemu inarushwa tena hadi ukingoni na kuupiga kama wimbi, na kwa jumla jozi inakula kwa kiwango kinachokaribia cha shimo moja lenye tungamo hiyohiyo. Kinachonaswa hakimezwi papo hapo. Kila shimo linakuwa na diski ndogo ya kwake, pana kama theluthi ya umbali kati yao, kwa sababu mvutano wa mwenzake unaikata isizidi hapo.

Nani ananasa zaidi? Tuchukue jozi ya moja kwa nne, tuseme Majua milioni 25 na milioni 100. Yote mawili yanazunguka kitovu cha uzito wao. Ukiuita umbali kati yao 1, kubwa liko 0.2 kutoka kitovuni na dogo liko 0.8. Kubwa karibu limekaa tu, linajitikisa pale kati. Dogo ndilo linalotembea, na linapita karibu na ukingo ambao uko kwenye 2. Lakini ukaribu ni nusu ya jibu. Nusu ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito, ni kizingiti cha Ng'iriama. Kokotoa momentamu ya mzunguko kwa kila kilo, ukipima kutoka kitovu cha jozi. Gesi ya ukingoni ukiipa 100, dogo lina kama 45 na kubwa lina kama 3. Gesi ikitaka kujiunga na dogo inabidi ipoteze zaidi kidogo ya nusu ya mzunguko wake. Ikitaka kujiunga na kubwa inabidi ipoteze karibu wote. Kuna vizingiti viwili, na cha dogo ni chepesi kuvukwa.

Kwa uwiano huo wa moja kwa nne, uigaji unalipatia dogo kama mara tatu ya kiasi linachopata kubwa. Hapo ndipo mpaka wa Eddington unapoingia. Dogo lina robo ya tungamo na linapata mara tatu ya chakula, hivyo kwa kulinganisha na ukubwa wake linalishwa mara 12 zaidi. Linaweza kuugonga mpaka wake na kuanza kutapika upepo na mwanga wakati kubwa bado lina njaa. Kwa muda mrefu, tungamo zinasogeleana kuwa sawa. Wanafunzi wakisema "maskini anatajirika," waachie, ila waambie sheria hii ina sakafu: dogo likiwa chini ya kama moja kwa ishirini na tano ya kubwa, halina tena ubavu wa kuchafua diski namna hiyo, linakata mfereji tu kwenye gesi kama sayari changa inavyofanya kwenye diski ya nyota yake.

Na wewe, mwalimu, uko sahihi wapi? Gesi ikiwa ya moto sana na haina mzunguko wa maana, ikidondoka kutoka kila upande, hakuna kizingiti. Hapo kinachoamua ni mvutano, na kiasi kinachonaswa kinakua kwa mraba wa tungamo: kwa moja kwa nne, kubwa linakula mara 16. Hali ya namna hiyo hupatikana kwenye galaksi kubwa za duaradufu zilizojaa gesi ya nyuzi mamilioni. Pia kabla mashimo hayajafungamana, kila moja likiwa bado na gesi ya galaksi yake, swali la kugombea halipo.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya zamani vilirahisisha kupita kiasi. Vilisema gesi lazima isogeze mashimo karibu. Uigaji uliochapishwa kuanzia mwaka 2019 umetia shaka. Gesi inayonaswa inaleta momentamu yake, na diski ikiwa nene, unene wake ukiwa sehemu ya kumi ya umbali kutoka kati, jozi inaweza hata kusukumwa mbali kidogo. Diski ikiwa nyembamba, unene wake chini ya kama 0.04 ya umbali huo, jozi inasinyaa. Diski za kwaza (vitovu vya galaksi vinavyong'aa sana kwa sababu mashimo yake meusi yanakula gesi) zinatarajiwa kuwa nyembamba zaidi ya hapo, kwa hiyo kusinyaa ndiko kunakotegemewa, lakini kompyuta zinahangaika kuiga diski nyembamba kwa sababu zinahitaji vipimo vidogo mno na muda mrefu mno. Mwanafunzi akikuuliza, mwambie bila aibu kwamba hapa mabingwa bado wanavutana.

Tunayaonaje? Yaliyo bado mbali moja na jingine, kwa picha. Mwaka 2002 darubini ya Chandra ilionyesha vitovu viwili vya eksirei ndani ya galaksi NGC 6240, umbali kati yao kama miaka ya nuru 3,000. Mwaka 2006 mtandao wa redio wa VLBA ulipima jozi ya 0402+379: miaka ya nuru kama 24 tu kati yao. Chini ya hapo picha zinashindwa, na inabidi tusome mwanga unaopanda na kushuka.

Mfano mpya ulio mzuri kwa darasa ni AT 2021hdr, katika galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru bilioni 1, upande wa kundi la Cygnus. Kamera ya ZTF kule Palomar, Marekani, iliuona mwako Machi 2021, ikadhaniwa ni nyota iliyolipuka. Lakini nyota hulipuka mara moja, na huu ulirudia kila siku 60 hadi 90. Satelaiti ya Swift ikaanza kuufuatilia Novemba 2022, ikaona eksirei na urujuanimno vikipanda na kushuka kwa mtindo uleule. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2024 ni wingu la gesi lililokatiza njia ya jozi, likachanwa na kusukwasukwa huku likiliwa. Tungamo ya pamoja ni Majua milioni 40, umbali kati yao kilomita bilioni 26, mzunguko siku 130. Wape namba mbili za kwanza tu, wakokotoe ya tatu kwa sheria ya Kepler. Watapata siku kama 132. Ni furaha ndogo, lakini kijana wa Mafinga akiipata kwa kalkuleta ya shilingi elfu chache, ameshika kitu.

Galaksi ya OJ 287 ni mfano wa kale zaidi: picha za vioo za tangu miaka ya 1880 zinaonyesha miako inayorudi kila miaka kama 12, kila mara miwili miwili, kana kwamba shimo dogo linatoboa diski ya kubwa likishuka na likipanda. Mfumo mmoja wa hesabu ulilipa shimo kubwa la jozi hiyo Majua bilioni 18. Mwako uliotabiriwa kwa mwaka 2022 haukuonekana ulivyotarajiwa, na watafiti wengine sasa wanapendekeza kwamba tungamo ya shimo hilo kubwa ni ndogo kuliko hapo mara mia na zaidi. Kwaza PG 1302-102 ilitangazwa mwaka 2015 kwa mzunguko wa miaka kama 5.2 na mwanga unaobadilika kwa asilimia kama 14. Maelezo yake yanapendeza: diski ndogo ya shimo dogo ikija upande wetu mwanga wake unaongezeka, ikienda mbali unafifia, kama honi ya basi inayobadilika sauti likikupita. Ila data za mwanzo zilikuwa za miaka tisa, chini ya mizunguko miwili, na data zilizofuata zimeupunguza uhakika.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, basi tukae kidogo. Chora bei ya gunia la viazi kwa miaka michache: inapanda, inashuka, inapanda. Jicho litaona mzunguko, na hata ukiondoa msimu wa mavuno bado utaona mawimbi. Kitu chochote ambacho thamani yake ya leo inaanzia ilipoishia jana hutengeneza mawimbi ya uongo marefu, na diski za kwaza zinang'aa hivyohivyo, kwa kuyumba. Ukitafuta katika kwaza laki mbili utapata mamia yanayoonekana kama saa. Kinga zake ni tatu. Usiamini chini ya mizunguko mitano. Linganisha na mistari ya kuyumba iliyotengenezwa na kompyuta bila mzunguko wowote, uone ni mingapi inakudanganya vivyo hivyo. Na pima kwa rangi mbili: kama ni mwendo wa shimo dogo, urujuanimno unapaswa kubadilika zaidi kuliko mwanga wa kawaida kwa kiasi kinachojulikana mapema. Upungufu wa rangi peke yake nao hautoshi. Galaksi ya Markarian 231 ilitajwa mwaka 2015 kuwa na jozi kwa sababu urujuanimno wake ulikuwa pungufu, kana kwamba ule uwazi wa diski unaonekana. Wengine wakaonyesha kwamba vumbi linaweza kufanya vivyo hivyo.

Ushahidi wa wingi wa jozi umekuja kwa njia nyingine kabisa. Juni 2023 kundi la NANOGrav la Amerika Kaskazini na wenzao wa Ulaya, India, China na Australia walitangaza dalili za mawimbi ya mvutano yenye vipindi vya miaka, waliyoyapata kwa kutumia pulsa (nyota zilizokufa zinazozunguka na kutuma midundo ya redio kwa vipindi sahihi kabisa) kama saa. NANOGrav walitumia pulsa 67 na data za miaka 15. Inadhaniwa ni mvumo wa jozi nyingi kwa pamoja, na hautaji jozi ipi. Darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye sahani 64, inafanya kazi hiyohiyo kutoka bara letu. Chombo cha anga cha LISA, kilichopangwa kurushwa mwaka 2035 kikiwa na mikono ya kilomita milioni 2.5, kitasikia miungano yenyewe, hasa ya mashimo ya Majua elfu kumi hadi milioni kumi.

Kwa darasani, fanya hivi. Chukua fimbo nyepesi ya mita moja, mfuko wenye viazi vya kilo 1 na kiazi kimoja cha gramu 250. Funga mfuko ncha hii, kiazi ncha ile, vyote vining'inie chini ya fimbo. Vikiwa juu yake fimbo itapinduka. Tafuta sehemu inayosawazisha, funga kamba hapo, ning'iniza kwenye boriti. Kwa nadharia ni sentimita 20 kutoka kwenye mfuko. Fimbo ikiwa na gramu 100 utapata 22, na mwanafunzi mwenye macho atauliza kwa nini. Mpe hesabu hiyo ya momenti aifanye mwenyewe. Chora kwa chaki duara lenye nusu kipenyo cha mita 2 sakafuni, ukitanguliza kitovu chini ya kamba. Chumba kikiwa kidogo, nendeni nje chini ya mti. Sokota kamba, achia.

Wataona mfuko unajigeuza pale pale na kiazi kinafagia karibu chumba kizima, kikipita mita 1.2 kutoka kwenye chaki wakati mfuko haukaribii chini ya 1.8. Kuna atakayepiga hesabu ya mvutano pale kwenye chaki, tungamo gawanya kwa mraba wa umbali, kiazi kikiwa 1 na mfuko 4, na kupata 1.23 kwa mfuko na 0.69 kwa kiazi, kisha aseme kubwa bado linashinda. Mwambie aendelee: kikizunguka hadi upande wa pili, kiazi kinashuka kutoka 0.69 hadi 0.13, mfuko unashuka kutoka 1.23 hadi 0.83. Gesi ya ukingoni imekwisha zoea mvutano wa wastani na inazunguka kwa sababu yake. Kinachoitikisa itoke ni mabadiliko, na ya kiazi ni 0.56 dhidi ya 0.40.

Halafu badilisha, weka kilo moja kila ncha, na waulize momentamu ya kila upande ni ngapi kama ukingo ni 100. Jibu ni 18 na 18.